Kiota kwenye Mrija wa Ndege



Leo sina mafundisho makubwa. Nina habari ya ndege moja ya zamani, na habari yangu mwenyewe ambayo nimekuwa nikiikwepa.

Juni 2024, mvua zimeisha na ile baridi yetu ya Mbulu imeshika kweli kweli, nilipata kibarua cha siku tatu kwenye kiwanja kidogo cha ndege upande wa Haydom. Kazi ilikuwa kumsaidia fundi, mzee mmoja kutoka Arusha, kuiamsha Cessna 180 ya miaka ya hamsini, ile yenye gurudumu dogo mkiani. Ilikuwa imelala bandani tangu Novemba. Mvua za El Niño zililowesha viwanja vya udongo, halafu mwenyewe akaugua, basi miezi ikapita.

Nilipoiona nikasema, "Mzee, mbona iko safi? Tuipige stata tu." Ilikuwa imeoshwa na kufunikwa turubai vizuri. Mzee akacheka. "Iliachwa safi, kijana. Tangu hapo haikuwa na mtu."

Tukafungua boneti. Jamani, ndege walikuwa wamejenga ndani ya ndege! Nyasi kavu zilijaa juu ya silinda. Injini ingepata moto tungeunguza kila kitu. Panya alikuwa ametafuna waya. Nikatumwa kukinga mafuta chini ya tangi kwa kichupa. Juu petroli ya buluu, chini maji yametulia kama shanga. Nani aliyatia? Hakuna mtu. Tangi likibaki nusu, nafasi iliyo wazi inajaa hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu ule unageuka maji. Nikakinga, nikamwaga, nikakinga tena, mpaka yakaisha.

Tulipofika kwenye bawa la kushoto, mzee akanyamaza. Chini ya bawa kuna mrija mwembamba unaopokea upepo na kumwonyesha rubani mwendo wake. Kifuniko chake kilikuwa kimedondoka. Akamulika tochi. Udongo mtupu: nyigu alikuwa amejenga humo.

Ndipo akanisimulia habari ya tarehe 6 Februari 1996. Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na dakika chache baadaye ikaanguka baharini. Watu wote 189 walikufa. Ndege ile ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka na mirija yake haikufunikwa. Wachunguzi walisema mrija mmoja uliziba, na waliyemshuku zaidi ni mdudu wa aina hii hii. Rubani aliona kipimo chake hakifanyi kazi wakati ndege bado inakimbia ardhini. Akaendelea.

Nilishika ule udongo mkononi nikakumbuka mfano wa Bwana Yesu, ule wa pepo mchafu anayerudi kwenye nyumba aliyotoka. Mathayo anao, Luka anao. Anaikuta imefagiliwa na kupambwa, lakini tupu. Siku zote nilidhani mfano ule unawahusu wadhambi wakubwa wakubwa. Mimi sikuiba, sikuua. Baba alipofariki mwaka 2022, nilikosana na kaka yangu kuhusu shamba la vitunguu saumu. Nikasema ngoja nikae pembeni kwanza, hasira zipoe, halafu nitaungama. Nikajifunika turubai. Kwanza nikaacha kwenda jumuiya, kisha komunyo, kisha hata sala ya usiku. Kilichonidanganya ni kwamba sikusikia hatia yoyote. Nilidhani ile ndiyo amani. Kumbe mrija umeziba tu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang, vikaifunika Gendabi na sehemu ya Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80. Kaka yangu anaishi Katesh. Sikumpigia. Nilimuuliza jirani yake kwa meseji kama yupo hai, akajibu yupo, nikaendelea na shughuli zangu. Hapo kipimo kilikuwa kinasoma sifuri na mimi nakimbia.

Siku ya pili nikamuuliza mzee: mlinzi angeiwasha dakika tano kila wiki, si isingeharibika? Akasema hapana, afadhali asiiguse. Injini ikiwashwa kidogo ardhini inatengeneza maji ndani ya oili, na haipati moto wa kutosha kuyakausha. Kama huiwashi ili iruke, unaiozesha. Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria Krismasi na Pasaka zangu, benchi la nyuma, naimba kwa sauti kabisa, halafu huyo nyumbani.

Siku ya tatu akaja fundi mwingine kukagua kazi ya mzee, waya kwa waya, nati kwa nati. Nilidhani mzee angeudhika, ana miaka mingi kazini. Akasema jicho lililofunga nati haliwezi kuona kosa lake. Mchana rubani akaipaisha peke yake bila abiria, akauzunguka uwanja mara tatu, akatua.

Jumamosi nikaenda kuungama. Dakika kumi na tano hivi, nyingi nililia. Padre aliniuliza swali moja tu: "Umeshaongea na kaka yako?"

Jumatatu nikapanda bodaboda, Haydom mpaka Katesh kupitia Basotu, vumbi tupu katikati ya mashamba ya ngano. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Kaka alikuwa uani anarekebisha banda la kuku. Alinitazama muda mrefu, nyundo mkononi. Maneno yote yakanipotea.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema bado.