Mizani ya Mchezo wa Kale

Wahenga walisema vya kale ni dhahabu. Hawakutwambia, hata hivyo, ifanywe nini dhahabu hiyo ikishaingia vumbi: ifutwe na kurudishwa kabatini, au iyeyushwe na kufuliwa pambo jipya la bibi harusi wa leo? Aghalabu swali hilo huulizwa juu ya nyumba kongwe na juu ya tungo za waliotutangulia. Mimi limenijia kwa mlango nisioutaraji, mlango wa mchezo wa video.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alinikalisha mbele ya skrini akanionyesha mchezo uitwao Tomb Raider. Niliujua. Katika ujana wetu kulikuwa na chumba mtaani ambamo tulilipa kwa dakika, tukigombania pedi moja watu sita, na huko ndiko nilikokutana na Lara Croft, mwanamke wa Kiingereza mwenye bastola mbili, afukuaye makaburi na mahekalu. Sasa nilimwona amenawiri: uso laini, kuta za pango zimeota ukungu, maji yanameremeta. Kisha kijana akabonyeza kitufe kimoja, na papo hapo kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa zamani, uso wa pembepembe na mawe ya rangi iliyochujuka. Akabonyeza tena, upya ukarejea. "Mjomba," akaniuliza, "katika hawa wawili, yupi ndiye mwenyewe?"

Nilicheka, kwa kuwa sikuwa na jawabu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Tomb Raider ilitoka mwaka 1996, kazi ya Core Design, kampuni ya mjini Derby, Uingereza, na aliyembuni Lara ni mchoraji Toby Gard. Ni miongoni mwa michezo ambayo mchezaji humtazama mhusika wake kwa nyuma, akimwongoza kukimbia, kuparamia, kuruka na kufyatua risasi. Tangu hapo umehuishwa kwa njia mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Mwaka 2007 kampuni ya Crystal Dynamics ya Marekani iliujenga upya toka msingi, ikauita Anniversary. Mwaka 2024 kampuni ya Aspyr iliitoa michezo mitatu ya mwanzo kwa pamoja, ikiacha mifupa ileile ya asili na kuivika ngozi mpya. Wa kwanza alibomoa akajenga; wa pili alipaka rangi. Lipi kati ya hayo mawili linastahiki kuitwa kuhuisha?

Mpenzi wa mashairi atanielewa upesi nikisema kwamba mchezo ule wa 1996 ulikuwa na mizani. Ulimwengu wake wote umejengwa kwa matofali makubwa yaliyo sawasawa. Lara akiruka kwa kusimama huvuka tofali moja. Akirudi nyuma hatua moja, akakimbia ndipo akaruka, huvuka mawili. Na akinyoosha mikono kudaka ukingo hufikia la tatu. Hapana bahati hapo, pana hesabu. Mchezaji husimama ukingoni mwa shimo akahesabu, kama mtunzi ahesabuye mizani nane za ukwapi kabla hajaingia kwenye utao. Akikosea moja, huanguka. Na ladha ya mchezo ilikuwa humo humo ndani ya kifungo, kama ladha ya shairi la arudhi isivyotengana na vina vyake.

Sasa, wachezaji wa leo wamezoea mkono mwepesi. Katika mchezo wa zamani Lara hugeuka taratibu palepale aliposimama, kisha huenda mbele au nyuma kama toroli. Katika michezo ya siku hizi mhusika hukimbilia upande wowote unaousukuma. Toleo la 2024 limeweka namna zote mbili, mchezaji achague. Mpwa wangu alichagua ile mpya, bila shaka, na kwa muda wa nusu saa nikamwona Lara akitumbukia shimoni mara kwa mara, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inahesabu ilhali miguu imekwisha kuacha kuhesabu.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wanaijua hasara hiyo kwa jina jingine. Kuta zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Akija fundi wa haraka akazipiga lipu ya saruji, nyumba hupendeza mwaka wa kwanza, kisha unyevu uliofungiwa ndani huanza kuila kuta. Saruji si mbaya. Ila haikuzaliwa na ukuta ule. Jipya likipachikwa juu ya la kale pasi na kuuliza la kale linasimama kwa nini, huliangusha likidhani linalitegemeza.

Je, basi tuseme kisiguswe kitu? La hasha. Mchezo uliofungwa ndani ya mashine ambazo hazitengenezwi tena, katika diski zinazochakaa, ni kama utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ukaachwa sandukuni mwa familia ambamo hakuna tena wa kuzisoma. Yule asemaye "usiguswe" huenda anadhani anautunza, kumbe anauzika kwa heshima. Kijana wa leo naye ana haki juu ya urithi, na haki hiyo haianzi kwa kumtaka ateseke kama tulivyoteseka sisi. Anayempa ufunguo hamharibii nyumba.

Tena yako mabadiliko yaliyoongeza kitu ambacho cha kale hakikuwa nacho. Katika mchezo wa 1996 Lara humuua Larson, mtu wa kukodiwa, akaendelea na safari yake kana kwamba ameua mbwa mwitu. Katika Anniversary ya 2007 mauaji hayo yanamsimamisha: anaitazama damu ya mwanadamu mikononi mwake, na mchezaji hulazimika kuitazama naye. Uzito huo haukuwamo. Nakiri kwamba unautukuza mchezo, na nimejiuliza kwa nini haunikeri kama ulivyonikera mguu usiohesabu. Nadhani sababu mojawapo ni hii: Toby Gard, aliyeondoka Core Design mwaka 1997, alikuwa amerejea kuufanyia kazi mfululizo huo huko Crystal Dynamics, na mkono wake umo katika Anniversary. Malenga ana ruhusa ya kuufumua ubeti wake mwenyewe akausuka upya baada ya miaka kumi. Mgeni hana ruhusa hiyo, hata akiwa na kalamu bora.

Lakini mgeni ndiye mara nyingi mwenye hati. Mali hii ya Lara Croft imetoka mikononi mwa Eidos, ikaingia kwa Square Enix ya Japani mwaka 2009, na mwaka 2022 ikanunuliwa na Embracer ya Uswidi. Hati humpa mtu haki ya kuuza. Haimpi elimu ya kujua kipi katika kitu kile ni nguzo na kipi ni pambo. Elimu hiyo ilikuwa kwa watu wasio na hati yoyote. Timur Gagiev alikuwa mpenzi tu wa mchezo huu. Aliiandika upya mitambo yake ya ndani kwa mapenzi yake, akaiita OpenLara, na baadaye akawa miongoni mwa walioongoza kazi ya kiufundi ya toleo la 2024. Ndiyo maana mifupa imebakia salama. Mapenzi yalitangulia hati, na safari hii hati ilikuwa na akili ya kuyasikiliza.

Yapo mambo mawili ambayo mapenzi peke yake hayawezi kuyaamua. La kwanza ni aibu za wa kale. Mchezo wa tatu, uliotoka mwaka 1998, unampeleka Lara katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na wenyeji wa visiwa hivyo wamechorwa kuwa washenzi walao watu. Waliotoa toleo la 2024 hawakuipaka rangi sura hiyo wala hawakuifuta. Waliiacha, wakaweka mwanzoni maelezo ya kukiri kwamba ni taswira za dharau zilizotokana na ubaguzi, na kwamba wameziacha ili madhara yake yatambuliwe. Mimi nisomaye haya nikiwa kisiwani, ambaye mababu zangu nao walichorwa na wapita njia waliokaa wiki mbili wakaandika kitabu, sikufurahi kuiona taswira ile. Hata hivyo nasema walifanya sawa. Kuifuta kungempa mchoraji wa 1998 usafi ambao hakuwa nao, na kungemnyima kijana wangu ushahidi. Anayefuta kosa la marehemu hamtendei wema aliyekosewa.

La pili ni zito zaidi. Mwezi wa Februari 2025 Aspyr ilitoa michezo mitatu iliyofuata, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikaifanyia marekebisho. Wachezaji wa Ufaransa wakasikia Lara akitamka maneno kwa sauti ya Françoise Cadol, mwigizaji aliyemsemea kwa Kifaransa miaka mingi, lakini sauti ile ilikuwa na ubaridi usio wake. Hakuyatamka yeye. Sauti yake ilikuwa imeigizwa kwa akili mnemba, bila ya idhini yake. Mama huyo alilalamika kwa njia ya wakili. Kampuni ikaeleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na mshirika wa nje pasi na yenyewe kujua, na ikaziondoa sauti hizo.

Huenda ikasemwa kuwa ni maneno machache tu, ya kumwelekeza mchezaji abonyeze wapi. Wapenzi wa tungo hatuwezi kulichukulia jepesi. Tunajua hali ya mnakili mbele ya karatasi iliyoliwa na mchwa, pale kipande cha tatu cha ubeti kilipobaki tundu. Mnakili mwaminifu huacha nafasi, au hujaza kwa kukisia akaandika pembezoni kwamba hapa nimejaza mimi. Mnakili mwovu hujaza akanyamaza. Na kadiri anavyolijua vyema lafudhi na kina cha marehemu ndivyo uovu wake unavyozidi, kwa sababu baada ya miaka hamsini hatapatikana wa kuwatenganisha. Mashine imemfanya kila mtu awe na uwezo wa mnakili huyo. Na Bi Cadol hakuwa marehemu hata. Alikuwa hai, aulizwe, ajibu.

Hapo ndipo nilipoliona jawabu la mpwa wangu, nalo lilikuwa chini ya kidole chake muda wote. Kile kitufe kirudishacho sura ya zamani ndicho maandishi ya pembezoni. Kinamwambia mchezaji: hiki ndicho nilichokikuta, na hiki ndicho nilichokiongeza, hukumu mwenyewe. Aliyekiweka alibadilisha mengi, lakini hakumdanganya mtu. Aliyeitengeneza sauti ya bandia huenda aliongeza kidogo mno, lakini aliongeza kwa jina la mwingine. Tofauti ya mhuishaji na mghushi haipimwi kwa wingi wa waliyoyabadilisha; inapimwa kwa kuwa mmoja anaacha alama ya mkono wake na mwengine anaificha.

Nilimwita kijana nikamwambia: wote wawili ndiye mwenyewe, maadamu unaweza kumwona mmoja nyuma ya mwengine. Siku kitufe hicho kitakapoondolewa, uniulize tena.

Sijui kama aliridhika. Siku ya pili nilimkuta ameiacha namna mpya ya kuendesha, ameirudia ile ya toroli. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, hatua moja nyuma, midomo ikimcheza. Nilisogea nikasikiliza. Alikuwa akihesabu.