Mtoto Mgonjwa ni Mtoto Bado

Neno tunalolisikia katika kila nyumba ya Kolwezi yenye mtoto mgonjwa ni hili: "Mumuache, iko mugonjwa." Anatukana dada yake, mumuache. Anatupa sahani ya bukari chini, mumuache. Anataka soda saa nne za usiku, baba anavaa viatu na kuizungukia Manika nzima. Kwa malaria ya siku tano neno hilo halina shida. Mtoto anapona, wiki inayofuata anarudishwa kwenye mstari. Lakini kansa si ya siku tano. Kansa ya damu inayowapata sana watoto wadogo inatibiwa miaka miwili, hata mitatu. Anayeanza dawa na miaka minne atazimaliza akiwa amefika umri wa shule ya msingi. Ndipo swali linakuja, na munganga hawezi kulijibu kwa niaba yetu: katika miaka hiyo yote, kazi ya kulea inasimama?

Sisi tunasema haisimami. Tusikimbie lakini, kwa maana wale wanaosema "mumuache" si wajinga. Mzazi amemshika mtoto mikono asubuhi ili adungwe sindano ya mgongo. Amemwona akitapika, amekusanya nywele zake kwenye mto. Jioni utamkemea kwa uso gani? Mzazi anajisikia kuwa na deni, na kuruhusu kila kitu njo namna rahisi ya kulipa.

Tatizo ni kwamba mtoto naye anatazama. Wa miaka mitano anaona vizuri kwamba dada yake anakatazwa, yeye hakatazwi. Anaona wakubwa wananyamaza akiingia. Hakuna aliyemwambia kitu, kumbe ameambiwa yote: kwamba yeye si mtu wa kesho tena, basi haifai kusumbuka kumtengeneza. Kumwambia "rudisha kikombe mahali pake" ni kumwambia pia kwamba kesho atakuwapo kukitafuta.

Watshokwe, Walunda na Wandembo wa kwetu wanajua mukanda. Vijana wadogo walitengwa porini, wakatahiriwa, kidonda kikauma. Hakuna mzee aliyesema: kidonda ni kibichi, heshima ingoje kwanza kikauke. Siku zile zile za maumivu zilikuwa siku za nyimbo, za amri, za kujua nani anasalimiwa mbele. Lakini kuna upande wa pili, ambao wapenda fimbo wanausahau haraka. Kila kijana alikuwa na chilombola, mlinzi wake, wa kumwangalia kidonda, wa kumfikishia chakula kilichopikwa na mama. Amri haikuja peke yake. Ilikuja na mtu wa kumshika. Hatusemi kwamba hospitali ni mukanda. Mukanda una siku ya kutoka, ina ngoma, na wenzako wote wanaumia kama wewe. Mtoto wa kansa yuko peke yake katika kitanda chake na siku ya ngoma hakuna anayemtajia.

Kwa hiyo tukisema alelewe, kiboko hapana. Na si huruma tu inayosema hivyo. Dawa za kansa, na kansa ya damu yenyewe, zinapunguza vile vitu vya damu vinavyoizuia kutoka. Kofi dogo linaweza kuacha damu ndani ya mwili. Tena katika dawa hizo kuna zinazomletea mtoto njaa ya ajabu na hasira isiyo yake. Mzazi ajifunze kutofautisha: hii ni tabia, hii ni kinini cha asubuhi. Ni kazi ngumu, inataka kumjua mtoto wako kuliko mwanzo. Mambo ya kumdai yapo: asalimie, ashukuru, asipige wenzake, ajifunze herufi mbili tatu siku mwili unapokubali. Na dawa anywe. Kunywa au kutokunywa, hapo hapana uchaguzi. Lakini kijiko au kikombe, mkono wa kuume au wa kushoto, achague yeye. Mtoto aliyenyang'anywa kila kitu anahitaji kuwa chef wa kitu kimoja.

Halafu kuna uongo wetu. "Tunaenda kumuona nkambo," kumbe gari linaelekea Lubumbashi, kilomita kama 300, na mwisho wake sindano. Tunadanganya kwa upendo, hilo hatukatai. Lakini mara ya pili mtoto hataingia garini hata kama kweli mnaenda kwa nkambo. Wazee wanasimulia kwamba kijana akifia mukanda, mama yake hakuambiwa mpaka kambi inapofunguliwa, aliendelea kupika. Huo ulikuwa ukatili wenye sheria yake. Lakini angalieni nani aliyefichwa: mama, si wenzake wa porini. Waliokuwa ndani walijua. Sisi leo tumegeuza jambo. Tunamficha yule aliye ndani kabisa, mwenye mwili wake, na tunawatangazia jirani wote. Inatosha kusema: "Iko bugonjwa ndani ya damu yako. Sindano itauma kidogo, mimi niko hapa." Akiuliza "Mama, mi ntakufa?", asijibiwe na "nyamaza".

Kuna jambo lingine ambalo desturi inatusukuma vibaya. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Leo kansa hiyo inaitwa kwa jina lake, na inapatikana sana katika nchi za malaria kama yetu. Ina ajabu yake: ukianza dawa, taya lililovimba kama embe linaweza kushuka kwa siku chache. Hapo jamaa inakaa kikao. Mjomba anasema, amepona, pesa zimekwisha, turudi Kolwezi. Wanarudi wakiimba. Na ugonjwa, ambao macho hayauoni tena, unabaki. Hatuwezi kumtukana mjomba. Ametoa mchango tangu mwanzo, na njia za zamani za kujua ugonjwa zilikuwa macho na mkono. Lakini kikao kinachomhukumu mtoto bila munganga kueleza ni kikao pungufu. Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha mwaka 2018: ifikapo 2030 watoto 60 kwa mia wenye kansa wapone. Nchi tajiri zimepita 80. Sehemu ya tofauti hiyo ni dawa na mashine, ndiyo. Sehemu nyingine ni matibabu yaliyoachwa njiani.

Kutembelea wagonjwa nako. Kwetu asiyekuja kumwona mgonjwa anatafutwa maana: labda njo yeye mulozi. Basi wanakuja ishirini, wanakaa, wanambusu mtoto ambaye damu yake haina askari wa kutosha. Kumsimamisha mama mkubwa mlangoni, na kumwomba anawe mikono au asalimie dirishani, ni aibu kubwa kwa mke wa kijana. Tunaomba mama wakubwa wenyewe waibebe aibu hiyo: mmoja wao asimame mlangoni, awakataze wengine. Kutoka kwake neno litapokelewa. Na mtoto akipata homa, tusimpe kwanza dawa ya malaria tukangoja asubuhi. Kwake homa ni mbio za hospitali usiku huo huo. Tusiongeze juu yake neno la bulozi: Katiba ya 2006 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 2009 inaadhibu.

Wazee wa Gécamines watatuuliza: nani analipa? Wana haki. Profesa Dibwe dia Mwembu alipoandika mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao, baba huyo alikuwa kampuni: posho, shule, hospitali. Tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka na malipo ya mara moja. Leo matibabu yanalipwa na mchango wa jamaa, na minerval ya kaka mkubwa wa sekondari inaingia humo humo. Kaka huyo ana haki ya kuulizwa, au angalau kuelezwa. Akijikuta tu amefukuzwa shuleni, atamchukia mgonjwa, na hatutakuwa na haki ya kushangaa.

Linabaki swali tunaloliogopa. Tumesema makatazo yanamwambia mtoto kwamba kesho ipo. Na munganga akisema kesho haipo? Hapo sisi pia tunalegeza. Soda ya saa nne za usiku, na itafutwe. Bukari asiyoitaka iondolewe bila maneno. Lakini si kila kitu kilikuwa cha kesho. Kusalimia ni kwa leo, na kugawa pia. Dada yake akileta ndizi kutoka sokoni, mkungu uwekwe kitandani, mtoto azigawe yeye: ya nkambo kwanza, kisha baba, kisha wadogo, na akisahau kujiwekea yake, dada amkumbushe.