Baada ya Rangi Kukauka

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kupotea kwa takribani miaka 25, wengi wetu tulifurahi kwa dhati. Oktoba 2020 ikasogea hadi Arusha. Kwa mtu wa Mombo au Same treni ile ina nauli ambayo familia inaimudu, na Desemba, mabasi yanapojaa na bei kupanda, ni njia ya kuwahi nyumbani kabla ya Krismasi.

Vituo vidogo vya njia hii vina umri wa kuheshimiwa. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, kisha ikapita kando ya milima ya Usambara na Upare hadi Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha na Reli ya Kati. Katani ndiyo iliyoilisha. Katani ilipoporomoka na malori yakashika barabara, vituo vikabaki na mbuzi.

Kituo kimoja ninachokijua kilipakwa rangi, madirisha yakatiwa vioo, na kengele, kipande cha reli chenye mnyororo, ikatundikwa tena barazani. Kilipendeza kweli. Kisha gata la paa likaziba kwa majani ya mwarobaini. Maji yakawa yanateremkia ukutani. Lipu ikavimba, ikabanduka pande la ukubwa wa kiganja, na mchwa wakapandia hapo hapo hadi kwenye fremu ya dirisha la tiketi. Ngazi na nusu saa ya mtu mwenye mikono miwili vingetosha kuyazuia yote hayo. Mtu huyo hakuwepo, kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kuyaona majani.

Ukarabati tunaupa utepe, hotuba na picha gazetini. Utunzaji hatuupi hata salamu. Zamani kila genge la reli lilikuwa na kipande chake: mnyapara na watu wake waliitembea njia wakikaza boliti, wakishindilia kokoto chini ya mataruma, wakifyeka nyasi. Kwangu mimi hao ndio walioiweka reli hai, kuliko hata wahandisi tunaowasoma vitabuni, na sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi kuwaheshimu.

Wapo wanaosema kituo kisichopata treni kila siku hakihitaji mtu wa kukitunza. Naona kinyume. Pakiwa na abiria, yupo atakayepiga kelele paa likivuja; wasipokuwepo, mvua inafanya kazi yake bila kuonwa na yeyote.

Basi fedha za ukarabati zinapoombwa, ombi lile lile libebe mshahara wa mtu mmoja kwa kila kituo, mkazi wa hapo hapo, mwaka hadi mwaka, pamoja na ngazi yake. Na kibao cha ufunguzi kikichongwa, jina lake liwepo, chini tu ya jina la waziri.