Jina Lililogongwa Kwenye Patasi

Jambo ninalotaka tulizungumze safari hii laweza kuonekana dogo mbele ya mengi yanayotukabili ugenini. Ni bei ya patasi. Ingia katika duka lolote kubwa la zana hapa Uingereza, utakuta patasi mbili zimetundikwa bega kwa bega, upana mmoja, urefu mmoja, zote zinang'aa. Moja bei yake ni mara tano ya mwenziwe. Geuza pakiti usome nyuma, na mara nyingi utaona kwamba zote mbili hazikutengenezwa nchi hii, hata ile yenye jina kubwa la Kiingereza. Basi yule anayelipa mara tano analipia nini? Na yule anayetoza, anatoza kwa haki?

Wengi wetu tunalo jibu la haraka. Ndugu yetu seremala akipata habari kwamba mtu anakuja likizo, hutuma salamu: niletee patasi, lakini iwe ya huko, usiniletee ya Mchina. Ombi hilo lina busara yake, maana huyo ameshaumia. Amenunua patasi iliyopinda kama kijiko katika siku ya kwanza ya kazi. Lakini ndani ya ombi hilo mna dhana kwamba ubora ni kitu cha nchi, kama vile karafuu ni ya Pemba. Dhana hiyo ina historia, na historia yenyewe inachekesha kidogo.

Mwaka 1876 mhandisi mmoja wa Kijerumani, Franz Reuleaux, alipelekwa na nchi yake kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Aliyoyaandika kutoka huko yaliwaudhi wenzake, kwani alisema wazi kwamba bidhaa za Ujerumani ni rahisi na mbovu. Wakati huo wafua visu wa Sheffield walikuwa na malalamiko yao: visu vilivyofuliwa Solingen, Ujerumani, vilikuwa vikiuzwa vimegongwa jina la Sheffield. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa, na mali ya kigeni iliyobeba jina au alama ya Kiingereza ikatakiwa iseme ilikotoka. Hivyo ndivyo yalivyoenea yale maneno "Made in Germany". Yalikusudiwa yawe onyo kwa mnunuzi, sawasawa na fundi wetu anavyosema "ya Mchina". Haikupita miaka kumi, mwaka 1896, Mwingereza Ernest Edwin Williams akatoa kitabu chenye jina hilo hilo, akiwaonya watu wake kwamba nyumba zao zimejaa vitu vya Kijerumani. Alama ya aibu ilikuwa imegeuka alama ya sifa. Leo Solingen ndiyo inayolindwa: tangu 1938 Ujerumani ina sheria ya kuzuia mtu kugonga jina la mji huo kwenye kisu kisichotengenezwa pale.

Wajapani nao walipita njia hiyo. Baada ya vita vikuu vya pili bidhaa zao zilichekwa, na sasa maseremala wa Ulaya wanatafuta misumeno na patasi za Kijapani na kuzilipia bei ya juu. Kwa hiyo jina la nchi kwenye pakiti linatueleza habari za kipindi fulani tu. Na sisi tunaosimama kwenye foleni za viwanja vya ndege tukipimwa kwa jalada la pasipoti kabla hatujaulizwa majina yetu, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kusema kwamba kitu ni kibovu kwa sababu ya kilikotoka.

Tuje kwenye patasi yenyewe. Chuma cha feleji hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kikatumbukizwa ghafla katika mafuta au maji. Hapo kinakuwa kigumu sana, lakini ugumu huo ni wa kioo, ukikigonga kinamenyuka. Kwa hiyo hupashwa tena kwa moto wa chini, kwa muda uliopimwa, ili ugumu upungue kidogo na uvumilivu uongezeke. Ukizidisha moto huo wa pili, makali yanalala. Ukipunguza, yanakatika vipande vipande. Tofauti baina ya patasi njema na mbaya iko hapo, katika nyuzi za joto na dakika za tanuri, katika aina ya chuma kilichonunuliwa, na katika idadi ya patasi ambazo mkaguzi amethubutu kuzitupa. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo haliwezi kufanywa Zhejiang vizuri kama Sheffield. Kiwanda kile kile cha China kinaweza kumfanyia kazi mteja mmoja kwa vipimo vikali, na mteja wa pili kwa "vyovyote mradi iwe rahisi". Aliyeagiza ubovu mara nyingi ni mfanyabiashara wa Ulaya au wa Afrika Mashariki aliyetaka senti zake zizae. Mchina tunayemlaumu alitimiza maagizo.

Lakini angalia: hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana kwa macho. Moto wa tanuri hauachi alama. Patasi mbovu inang'aa kama njema, pengine zaidi, kwa kuwa mng'aro ni rahisi kuliko moto. Mchumi George Akerlof aliandika makala mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambako muuzaji anajua siri ya gari na mnunuzi hajui. Alionyesha jinsi soko la namna hiyo linavyoweza kuoza, kwa sababu mwenye kitu kizuri hawezi kupata bei ya uzuri wake. Miongoni mwa dawa alizozitaja ni dhamana na jina la biashara. Jina ni shahidi wa kile kisichoonekana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nawaheshimu wahenga, ila nadhani walikuwa wanazungumzia embe, ambalo mtu hulinusa kwanza. Patasi hainusiki. Lazima awepo mtu wa kuisemea.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba kulipia jina ni upumbavu mtupu. Unapolipia jina unalipia ushahidi, na ushahidi una gharama. Swali ni kama shahidi bado anasema kweli.

Chukua mfano wa Craftsman wa Marekani. Mwaka 1927 kampuni ya Sears ililinunua jina hilo kwa dola 500. Sears hawakuwa wafua vyuma. Zana zilitengenezwa na makampuni mengine, wao wakatia jina na ahadi: ikivunjika, irudishe tukupe nyingine, maisha yako yote. Vizazi vya mafundi walikua na ahadi hiyo, baba akimrithisha mtoto sanduku la spana. Mwaka 2017 jina hilo likauzwa kwa Stanley Black & Decker kwa makubaliano ya takriban dola milioni 900. Jiulize ni nini kilichokua kutoka dola mia tano hadi milioni mia tisa. Kilichokua zaidi ni imani ya watu. Waliyoijenga ni wafanyakazi ambao majina yao hayako kwenye spana yoyote, na wanunuzi waliorudi tena na tena kwa kuwa hawakudanganywa. Mwenye hati ya jina akachukua thamani yote.

Wanunuzi hao walipolalamika kwamba zana nyingi zimehamia ng'ambo, wakaahidiwa kiwanda kipya Fort Worth, Texas, kilichotangazwa 2019. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kinafungwa. Stanley hao hao, mwaka 2006, walikubali kulipa faini ya dola 205,000 kwa serikali ya Marekani kwa sababu ya racheti zilizodaiwa kuwa zimetengenezwa Marekani ilhali sehemu kubwa ndani yake ilitoka nje.

Hapa ndipo ninapoliona jambo la maadili. Kuhamisha kiwanda si dhambi. Mtoto wa mkulima wa Zhejiang ana haki ya kula kwa jasho lake kama mtoto wa mfua chuma wa Sheffield. Kuuza ghali pia si dhambi, mnunuzi ana hiari yake. Dhambi iko katika kupunguza kitu huku ukiacha jina na bei palepale, ukitegemea kwamba mnunuzi hatagundua kwa miaka kadhaa. Ni kama kijana anayekwenda kukopa dukani kwa jina la baba yake aliyekwisha kufa. Mwenye duka anatoa unga na sukari kwa sababu marehemu hakuwahi kukosa kulipa. Kila kilo anayochukua kijana yule inatoka katika heshima ya mzee, na siku daftari likijaa, hakuna tena mtu wa ukoo ule atakayeaminiwa. Waislamu miongoni mwetu wanaijua sura ya al-Mutaffifin inavyowaonya wanaopunja vipimo. Mizani ya zamani ilikuwa ya jiwe na mtu aliweza kuikagua. Jina nalo ni mizani, na ni jepesi zaidi kulipunja.

Kuna sehemu nyingine ya bei ambayo sisi wa ugenini huisahau, nayo ni dhamana. Snap-on, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1920 (ndio wanaomiliki pia Bahco ya Sweden, walioieneza ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi wetu wameipa jina nisiloweza kuliandika katika jarida linalosomwa na watoto), wanauza kwa gari. Dereva anapita gereji baada ya gereji, wiki hadi wiki. Fundi anachukua spana kwa mkopo, analipa kidogo kidogo. Ikivunjika, analetewa nyingine papo hapo bila kupoteza saa ya kazi. Bei ni kubwa mno, lakini ndani yake mna lile gari, yule dereva, na ule mkopo. Kwa fundi wa Leicester au Ohio hesabu inaweza kukubali. Sasa ibebe spana ile ile uipeleke gereji ya Tandale. Gari halifiki Tandale. Kitu ni kile kile, bei uliyolipa ni ile ile, na sehemu kubwa ya ulichokilipia imebaki uwanja wa ndege wa Heathrow.

Na huko nyumbani jina lenyewe limechoka. Sanduku lenye nembo maarufu linaweza kuwa bandia kuanzia karatasi hadi chuma. Tanzania ina sheria yake ya alama za bidhaa ya mwaka 1963, yenye jina lile lile la sheria ya Waingereza ya 1887, na Tume ya Ushindani huitumia kukamata na kuteketeza mali bandia. Hata hivyo fundi hawezi kusubiri tume. Anachofanya ni kumtafuta muuzaji anayemjua, wa mtaa wake, ambaye akimuuzia uchafu watakutana msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili. Ushahidi umerudi kwa mtu.

Atasema mtu: mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwamba Keko, Dar es Salaam, kuna mafundi wanaotoa makabati ya kupendeza kwa randa ambayo mwenzao wa Ulaya angeitupa jalalani. Lakini methali hiyo hupenda kusemwa na mtu mwenye majembe matatu. Mwenye patasi moja ikimvunjikia saa nne asubuhi, siku yake imekwisha na mteja amekwenda kwa jirani. Huyo ndiye anayehitaji chuma kilichopikwa vizuri kuliko wote, naye ndiye asiyeweza kukinunua. Kinanunuliwa na mstaafu wa hapa mwenye kibanda cha starehe nyuma ya nyumba, anayeranda mbao mara mbili kwa mwezi, na simlaumu. Thomas Lie-Nielsen alianza mwaka 1981 huko Maine kutengeneza randa kwa kufuata michoro ya zamani ya Stanley, akaiboresha, na zinauzwa kwa bei ya juu sana. Wapo wanaozinunua kwa sababu wanataka ufundi ule usife katika nchi yao. Sababu hiyo naiheshimu, mradi mtu ajue kwamba sehemu ya fedha yake ni mchango. Randa zenye umbo hilo hilo zinatoka China kwa bei ya chini sana, na zinaranda.

Mimi siku hizi, nikiagizwa patasi "ya Ulaya", huwa napita kwenye masoko ya vitu vikuukuu ya Jumapili. Zipo patasi za Marples, za Ward, za Sorby, zimegongwa Sheffield, zina kutu, mipini imepasuka, na zinauzwa kwa pauni chache. Makampuni hayo hayapati hata senti katika biashara hiyo, kwa hiyo hakuna jina ninalolilipia. Nainunua ikiwa ndefu ya kutosha, na kabla sijatoa fedha napitisha tupa ndogo kwenye makali: ikiteleza bila kuuma, chuma bado kigumu. Mpini nauondoa, mzigo unakuwa mwepesi. Fundi ataweka wa mninga mwenyewe, na ataunyoosha kwa kipimo cha mkono wake.