Mkopo wa Elimu na Swali la Riba
Kwa miaka kadhaa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania iliwatoza wanufaika asilimia 6 kwa mwaka ili kulinda thamani ya mkopo. Kwa mwanafunzi Mwislamu swali lilikuwa zito: je, hiyo ni riba iliyoharamishwa? Watetezi wa tozo hiyo walisema thamani ya shilingi hushuka, hivyo anayerejesha kiasi kilekile amerudisha pungufu. Hoja hiyo ina uzito, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilishaikataa mwaka 1988: deni hulipwa kwa kiasi chake, si kwa thamani yake. Wengine walishika kanuni ya dharura, kwamba shida ya lazima huruhusu kilichoharamishwa. Lakini mwenye mzazi anayemudu ada hana udhuru wa yatima asiye na wa kumlipia. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Deni lenyewe halikufutwa: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na marejesho hayo humsomesha mwombaji mwingine.