Haki ya Asiyeleta Kitu

Tunapofanya karamu ya majirani, kila nyumba huleta sufuria yake: huyu pilau, yule maharage, mwingine ndizi. Ni desturi njema. Lakini yafaa tujiulize: jirani asiye na cha kuleta ale kwa haki gani?

Wengine husema, aje tu, tutamhurumia. Sisi hatukubali. Alaye kwa kuhurumiwa hula ameinamisha kichwa, na mara ya pili haji. Yapata mwaka 55, Mtakatifu Paulo aliwakemea kwa barua waumini wa Korintho kwa jambo hilohilo: wenye chakula walitangulia kula chao, wasio na kitu wakatahayarishwa. Hakuwalaumu wasioleta.

Basi orodha ya walioleta isisomwe. Vyakula vikusanywe mapema katika nyumba moja, majina yaandikwe chini ya sufuria (maana sufuria za watu hupotea mno), nao vijana wampakulie kila mtu sawasawa. Asiye na kitu aalikwe kwa kuwa ni jirani. Hiyo ndiyo haki yake.

Je, mchoyo mwenye nacho hatapata mwanya? Atapata, naye apakuliwe kama wengine.