Shahidi Asiye na Ulimi

Panapofuka moshi hapakosi moto. Lakini moto ukiisha kuzimwa na moshi ukatoweka, husalia swali ambalo methali hiyo hailijibu: nani aliyeuwasha? Majivu hayana jina la mtu. Huenda waya wa umeme ulishika moto, au mshumaa ulianguka, au mkono wa mtu ulimwaga petroli na kuiwasha kwa chuki au kwa tamaa ya fedha za bima. Kati ya ajali na jinai pana tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya uhuru na kifungo, na mara nyingi tofauti hiyo hufichika chini ya kifusi cheusi.

Mwaka 1986 polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, walianza kumtumia mbwa mweusi wa aina ya Labrador, jina lake Mattie, aliyefundishwa kutambua harufu ya mafuta ya kuchochea moto. Baadaye kazi hii ilienea hata Uingereza, ambako mbwa huvishwa viatu ili vigae vya vioo visiwakate nyayo. Mbwa hupitishwa katika mabaki. Anusapo mafuta, huketi au huelekeza pua mahali penyewe. Kisha kifusi cha hapo huchotwa, hutiwa katika kopo lililozibwa barabara, na kupelekwa maabara.

Miongoni mwetu jina la mbwa hutumika zaidi katika matusi kuliko katika sifa. Hata hivyo, fadhila za shahidi huyu ni dhahiri. Hana ndugu wa kumpendelea, hana adui wa kumlipiza kisasi, wala hasemi uongo. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba asiyeweza kusema uongo husema kweli siku zote. Dhana hiyo ni ya hatari, maana unyofu ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine. Kioo kilichopinda hakina hila, lakini sura kinayoonyesha si sura ya mtu.

Zulia na plastiki vikiungua hutoa mivuke inayokaribiana na ile ya mafuta. Pua yaweza kudanganyika. Tena, baadhi ya mbwa hawa hufundishwa kwa kupewa chakula pale tu wanapotambua harufu. Na mwenye njaa, awe mtu au mnyama, huona upesi kile kinachomlisha. Hata pua isipokosea, petroli yaweza kuwamo nyumbani kwa sababu halali, kama vile ya mashine ya kukatia majani. Mbwa husema, "Hapa pana harufu." Asemaye, "Hapa pana jinai," ni mtu.

Katika jimbo la Georgia mtu mmoja alitiwa hatiani kwa kumwua mkewe katika moto wa nyumba. Katika ushahidi uliotolewa zilikuwamo ishara za mbwa ambazo maabara haikuzithibitisha. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilitengua hukumu, kwa kuwa haikuonyeshwa kwamba ishara za namna hiyo zimefikia yakini ya kisayansi.

Yamkini msomaji atauliza: je, pua ya mbwa haiwezi kunasa kidogo kilichoipita maabara? Na je, mchoma nyumba aachwe huru kwa sababu ya udhaifu wa vyombo? Hoja hii ni nzito, kwa maana moto wa makusudi huua watoto vitandani. Lakini haki haikuahidi kumkamata kila mwovu. Iliahidi kutomfunga mtu kwa jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha. Shahidi mwanadamu huulizwa maswali, hubanwa, hata akakiri kwamba hakuona vema. Mbwa hawezi kuulizwa, wala hawezi kuungama.

Basi mbwa na aendelee na kazi yake, kwa maana hutuonyesha mahali pa kutafuta. Kutuonyesha mahali pa kutafuta ni msaada. Kutuamulia tulichokipata si kazi yake. Mzigo wa uamuzi ni wa yule ashikaye kamba na wa yule aketiye katika kiti cha hukumu. Mbwa akikosea, hana hatia mbele ya yeyote. Wao wakikosea, hawawezi kumsingizia mbwa.